Juu ya Dari

Mimi nilikuwa mpiga chapa tu,
miaka kumi na tisa katika chumba cha nyuma pale Le Locle,
mlango umerudishwa nusu, taipureta juu ya blanketi
ili mlio wake usimtishe mgonjwa.
Daktari Solange Matthey alinipa sharti moja:
andika ndoto, usiandike machozi.
Machozi hayana tahajia.

Jumanne ya theluji akaja Aurèle Huguenin, fundi saa,
kioo cha kukuzia amekisahau kwenye paji la uso
kama jicho la tatu lililolala.
Hakuketi. "Siumwi," alisema. "Nimeota tu."

Karakana isiyo na dirisha.
Ndani yake mtu mwenye uso wa simba,
kipofu, anapapasa magurudumu ya meno,
anayapachika: jua, mwezi, sayari,
kila kimoja na ufunguo wake.
Na kila akimaliza kimoja hunguruma:
Hakuna fundi mwingine ila mimi!
"Nami nimo ndani ya kasha la saa, mdogo kama punje,
nacheka, Daktari. Nacheka
kwa sababu juu ya dari nasikia mtu anatembea."

Jivu la sigara ya daktari likajiangukia lenyewe.

"Walikuwapo watu Misri," akasema hatimaye,
"zamani, jangwa likiwa bado na watawa wachache,
waliomjua huyu simba wako.
Walisema dunia aliiumba fundi
asiyejua kwamba ana mama.
Mama yake ni Hekima. Aliteleza,
na katika kuteleza akadondosha cheche,
cheche zikazama udongoni, zikasahau zilikotoka,
zikawa wewe, zikawa mimi,
zikawa yule anayepiga chapa kule nyuma."

Vidole vyangu vikasimama.

"Mimi Mprotestanti," Huguenin akajibu. "Misri siijui."
"Ndiyo maana nakuuliza, bwana:
nani alikuletea?"

Majira yale yote ya baridi waliteremka pamoja.
Watu wa kale walipanda mbingu saba,
kila lango na mlinzi wake, kila mlinzi na neno lake la siri;
wao wawili walishuka ngazi za ghala,
taa mkononi, panya, mitungi ya siki, picha zilizogeuzwa ukutani.
Daktari aliamini safari ni ileile.
Simba, alisema, ni kile kimimi kidogo
kinachoketi mezani na kudai nyumba nzima ni yake.
Niliyaandika hayo yote bila kuyaelewa,
kama mtu anayebeba barua iliyofungwa.

Mwezi wa tatu, theluji ikianza kulia mifereji,
Huguenin alinyamaza karibu saa nzima.
Kisha:
"Mwanangu Fernand alitaka fidla.
Niliivunja kwa goti langu hili.
Nikamwambia, katika nyumba hii
hakuna fundi mwingine ila mimi."

Kikulacho ki nguoni mwako,
na wakati mwingine ndicho kilichoshona nguo.

Nilivunja sharti. Niliandika: *analia*.
Nikakosea herufi, sikuifuta.

Sijui kama alipona.
Fernand yuko Marseille, au alikuwako;
barua zilikwenda, moja ilirudi na muhuri wa posta.
Kwangu Huguenin aliacha saa ya mfukoni
inayochelewa dakika nne kwa siku.
Nilipomrudishia aitengeneze akaitazama kwa muda,
akanifumbatisha tena kiganjani.
"Iache," akasema. "Hii inajua kwamba haijui."

Sasa nimestaafu. Daktari amezikwa mteremkoni.
Habari za Hekima na cheche zake
sizithibitishi, wala sizikani.
Ila usiku, saa ile ikijikokota mezani,
nasikia hatua juu ya dari, taratibu,
kama mtu anayetafuta kitu bila kuwasha taa.

Nami nakaa ghorofa ya mwisho.
Juu yangu kuna vigae tu, na theluji.