Hodi ya Bomba

Theluji ya kwanza ilishuka usiku, mlimani,
haikufika kwetu Kežmarok,
lakini asubuhi kidole changu kiligusa rejeta ya jikoni
kikarudi kikilalamika.

Kila Oktoba kazi hii huwa ya Vavrinec:
ufunguo wake mdogo wa shaba,
kitambaa begani, kopo tupu la jamu,
chumba kwa chumba akitoa hewa mabombani
kama muuguzi anayezungukia wodi.
Mwaka huu yuko kitandani, ghorofa ya juu,
mguu umefungwa plasta hadi pajani.
Miaka sabini na mmoja, akapanda ngazi kusugua dohani
siku niliyokwenda sokoni kununua kabichi.
Nilikuwa nimemwambia, mngoje Radovan aje toka Košice.
Nilimwambia mara mbili.

Kwa hiyo hatusemezani. Leo siku ya tisa.
Nampelekea supu, nalichukua bakuli,
yeye anatazama dari, mimi natazama dirisha.
Waliosema kimya kingi kina mshindo
nadhani walipata kulala kwenye nyumba ya mabomba.

Nilishuka chini kwa boila, tochi mdomoni.
Buibui alikuwa amehamia kwenye geji,
sindano imelala sufuri nukta saba.
Nilijua inatakiwa ipande. Sikujua hadi wapi.
Nikafungua koki ya kujazia, robo tu;
maji yakaingia yakiguna,
na juu, mbali, ndani ya chuma chenyewe:

ko.

Nikasimama. Nikafungua zaidi.
Ko.
Zaidi.
Ko, ko! Upesi, kwa hasira, kwa kijiko cha supu yangu.
Nikafunga. Sindano: moja na nusu.
Mzee amelala na sikio kwenye bomba.

Basi tukafanya kazi hivyo.
Moja, fungua. Mbili, acha.
Rejeta ya ukumbini ilifoka kama paka aliyekanyagwa,
ikatema maji meusi kama kahawa iliyolala,
nusu kopo, na harufu ya misumari ya zamani.
Kwenye chumba alichofia mama yake
skrubu iligoma kabisa.
Niliitukana kwa Kihungari cha bibi yangu,
maneno ambayo sijayatamka tangu harusi,
na bomba likaanza kutetemeka kidogo kidogo, bila hesabu.
Alikuwa anacheka.
Mimi sikucheka.
Nilitia mafuta, nikangoja, ikalegea.

Nikasafisha kichujio: tope la chuma,
laini kama uji wa mtoto.
Nikabadilisha betri za kidhibiti joto.
Nikalisukuma kabati la sebuleni
ambalo kwa miaka kumi na minne limekaa mbele ya rejeta
likijipasha mgongo peke yake.
Alilichagua yeye. Sikuomba ruhusa.
Miguu yake ililia sakafuni, nyumba nzima ikasikia.
Bomba halikusema kitu.

Saa kumi jioni nikawasha.
Boila ilikohoa, ikafikiri, ikashika moto.
Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nikisikiliza joto likipanda
kama mpangaji wa zamani anayejua ngazi ipi hulia.
Jikoni. Ukumbini. Kwa marehemu.
Nje mwanga ulikuwa unaondoka,
na baridi, ambayo haijawahi kubisha mlango wa mtu,
ilikuwa tayari kwenye nyasi.

Ko. Ko. Ko.

Tatu.
Tatu hatukuipa maana.
Nilitazama geji: iko sawa. Nilitazama moto: wa buluu, umetulia.
Mtu yuko ndani ya nyumba yake mwenyewe,
chini ya blanketi lake,
anapiga hodi.

Nilikaa kidogo. Siku tisa si kitu cha kumeza mara moja.
Kisha nikaokota spana
nikagonga bomba, mara moja tu,
nikautia ufunguo wa shaba mfukoni mwa aproni
na kuanza kupanda.
Rejeta ya chumba chake bado ilikuwa na hewa.