Unga

Kwetu Maweni, hapa Malindi,
miaka mitano neno hilo halikutamkwa.
Mimi muuza mahamri, niamkaye saa kumi,
nilimwambia mwenye duka: "Nipe ile nyeupe,"
kisha nikajiuma ulimi,
maana hata nyeupe ilikwisha kuchafuka.
Tukaiita ngano. Tukaiita kile cha kukanda.
Neno libebalo mkate na maiti pamoja
utaliweka wapi mezani?

Shekue, aliyenifuata ziwa,
alianza na vijiko.
Nikadhani ni watoto wa jirani, ni kunguru.
Kimoja nikakikuta nyuma ya choo,
kimeungua tumbo.
Kisha feni.
Kisha cherehani ya Mama, kichwa tu;
akatuachia meza na pedali,
nami usiku nikawa naikanyaga bure
nyumba ipate sauti.

Wakasema jini. Wakasema tabia.
Wakasema mfungieni, arosto itamfunza.
Tukamfungia.
Siku tatu alitapika nyongo,
akagonga ukuta kwa kisogo,
akamwita Baba, aliye kaburini.
Siku ya nne alitokea dirishani,
na alichojifunza ni urefu wa dirisha.

Hata tulipofika kwa yule mshauri wa hospitali,
Kadzo, msichana mdogo, raba zimelowa mvua.
Hakuuliza kwa nini unatumia.
Aliuliza: "Usingizi ulikuhama lini?"

Shekue akaitazama mikono yake.
"Tulipomzika Baba. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.
Kila usiku nikisikia ule mchanga unamwagwa.
Kete ya kwanza, sikuusikia."

Nilikuwa nimeketi ubavuni pake.
Chumba kimoja tulilala, pazia tu katikati,
na sikujua kwamba yu macho.

Sasa kila asubuhi, dirisha la hospitali,
kikombe kidogo kama cha kahawa.
Anameza, na muuguzi: "Sema jina,"
ahakikishe dawa haikubanwa shavuni.
"Shekue Bunu."
Kila siku, mbele ya foleni nzima,
analitamka jina lake, nalo linamwitikia.

Sitasema amepona.
Mwezi wa tano alianguka,
pesa zangu za mchezo zikaanguka naye.
Siku sita. Ya saba akarudi foleni mwenyewe,
kiatu kimoja.
Kadzo alimuuliza kama amekula.
Mimi nilimuuliza alikuwa wapi,
nilimuuliza mtaa mzima ukasikia.
Nami hilo ninalitafutia dawa.

Ijumaa iliyopita nina oda ya harusi,
mahamri mia nne, mikono imejaa tui,
nikasema bila kufikiri:
"Shekue, hebu kimbia dukani kaniletee unga."

Tasbihi ya Mama ikasimama.
Noti ya elfu nimeshaitoa,
na mkono uliosita ulikuwa wangu, si wake.
Akauliza: "Kilo ngapi?"

Duka ni mwendo wa dakika nne.
Nilikuna nazi ambayo ilikwisha kukunwa.
Dakika kumi. Ishirini.
Nikahesabu vijiko, Mungu anisamehe,
vipo vyote.

Akaingia na pakiti nne kifuani.
Vijana wa barazani walimcheka, akasema,
alipolitaja lile neno mbele ya kaunta;
mwenye duka akamtaka alirudie,
naye akalirudia.
Akaweka chenji mezani, mia moja na tisini.
"Kumi nimekula kashata. Niandikie deni."

Tukachekecha pamoja mpaka alasiri,
yeye kashika chekeche, mimi iliki.
Mama akapita, akatutazama:
"Nyinyi mmejaa unga hadi kwenye kope."
Akasita, kiganja mdomoni.
Shekue ndiye aliyecheka kwanza.

Harusi ilikula, sahani zikarudi.
Yeye alilala mapema,
au alilala kimya, sijui;
safari hii nilifunua pazia, nikauliza.

Kesho saa moja, dirishani.