Milango Miwili ya Ndahani

Mhandisi Njoghomi amesimama nyuma ya kiti changu,
mkono mfukoni, funguo zinalia.
"Nilisema mtoe. Jana nilisema.
Mbona usiku ameandika tena?"

Nilimtoa, Mhandisi. Tazama:
hapa palikuwa na jina lake, Ndahani Chilewa,
kusoma, kuandika, kufuta,
tiki tatu za kijani kama uwele unaochipua.
Nimezing'oa zote. Pamebaki peupe.

Lakini mtu huyu ana milango miwili.
Mmoja una jina lake,
wa pili una jina la Wapimaji,
na Wapimaji ni watu kumi na mmoja
walioko huko Bahi na mashine ya kuchimba,
mtandao wanaupata wakipanda juu ya lori.
Mfumo haujui mlikosania wapi.
Unauliza tu: nani huyu? Yuko na akina nani?
Na ukikuta ndiyo moja, popote,
unafungua.

"Basi funga mlango wa kikundi."

Nikiufunga, wote kumi na mmoja wamelala nje.
Vipimo vya kesho wataviandika wapi,
viganjani?

Upepo wa Mtumba unarusha vumbi dirishani.
Nakumbuka kisima cha bibi yangu Matika
kwenye mchanga wa mto uliokauka.
Alikichimba mwenyewe, akakizungushia miiba.
Siku moja akagombana na shemeji yake, ugomvi wa ndama,
akamwambia mbele za watu: kisimani kwangu usikanyage.
Shemeji hakukanyaga,
kwa jina lake.
Jioni alikuja na ukoo, nyuma ya ng'ombe wa ukoo,
akasimama kwenye foleni, kibuyu mkononi,
na bibi, aliyeuruhusu ukoo ule mzima
tangu mwaka wa njaa,
akamtekea.
Akamtekea amenuna, lakini akamtekea.

"Hakuna njia nyingine?"

Ipo. Nilitamani asiulize.
Lipo katazo.
Kumwondolea mtu ruhusa ni kunyamaza juu yake,
na ukinyamaza, wenzake wanaweza kumsemea.
Kumkataza ni kutamka hapana kwa jina lake,
na hapana hiyo inazishinda ndiyo zote,
ya kikundi, ya idara,
hata yangu.
Kitufe chake ni chekundu,
kidogo kuliko punje ya mtama.

Anainama. Naisikia harufu ya kahawa yake.
"Kibonyeze."

Kwanza nafungua jedwali,
nione alichoandika jana saa nne za usiku
juu ya lori, gizani, simu mkononi.
Kisima namba saba. Kina, mita tisini na nne.
Palipoandikwa "maji matamu" amefuta,
ameweka:
"Chumvi. Nimeonja mwenyewe, mara tatu.
Bomba lisiwekwe."

Mhandisi anasoma. Funguo zimenyamaza.
Uzinduzi ni Jumatatu,
kadi zimeshachapwa, na hema limeshalipiwa.
Anakitazama kitufe, ananitazama mimi,
anasema ana simu inaita,
na simu haiiti,
anatoka.

Hakurudi.
Saa kumi na moja na nusu nikaanza kuzima taa.
Kwenye orodha ya majina Ndahani bado hayupo.
Mlango wa Wapimaji uko wazi.
Na mimi, mwenye ruhusa zote za jengo hili,
mwenye uwezo wa kufuta hata safu ya saba
asijue mtu,
nimeweka kidole juu ya kioo, kwenye neno lile,
kisha, sijui kwa nini,
nikakipeleka ulimini.