Zamu Yangu ya Kengele

Kengele ya kanisa letu hapa Pongwe
si kengele. Ni kipande cha reli,
urefu wa mkono na nusu, kinaning'inia
kwa mnyororo wa baiskeli kwenye boriti ya baraza.
Wiki hii zamu ni yangu.

Ijumaa meneja alisema, kwa sauti ya kuazima,
kwamba orodha itabandikwa Jumatatu,
pale pale panapobandikwa matangazo ya chanjo.
Arobaini watabaki. Tuko mia na sita.
Tangu hapo usingizi umenipa mgongo
kama mke aliyenuna.

Nalala na kalamu kichwani.
Ada ya Elinami, muhula wa pili.
Deni la kikoba. Mabati kumi na mawili
niliyokopa dukani kwa Kibwana.
Najumlisha, natoa, narudia tena,
na kila mara jibu ni lile lile:
haitoshi.

Hata nikifumba macho nazisikia brashi za kiwandani
zikisugua singa, zikisugua.
Miaka kumi na saba nimevuta vumbi lake jeupe,
na sasa naogopa kunyang'anywa kitu kile kile
nilichokilalamikia kila jioni.
Mungu, utacheka?

Jumapili, saa kumi na nusu, niliinuka.
Sisemi niliamka.
Perpetua akageuka upande wa ukuta:
"Chukua tochi, shimo la akina Sekwao halijafukiwa."
Nje, harufu ya maji ya mkonge ilikuwa imetanda,
ile harufu ambayo wageni huiziba pua
na sisi huiita mshahara.

Msikiti wa ng'ambo ya barabara ulitangulia.
Nikasimama hadi adhana ikaisha,
maana haifai kumkatiza jirani
akiwa katikati ya mazungumzo.
Kisha nikashika nyundo.

Desturi ni kusali kwanza, ndipo upige.
Nikaianza sala ile ya kila mtoto,
niliyoimeza kabla sijajua kuandika jina langu,
ikawa inakwenda yenyewe, kama toroli kwenye mteremko,
hadi penye mkate.
Hapo ikakwama.
Ikakwama kwenye neno moja: leo.

Nilijaribu kulivuka. Ulimi ukagoma.
Leo. Si Jumatatu. Si muhula wa pili.
Miaka arobaini na mitatu nimelipita neno hili
kama mtu apitavyo kibao cha kijiji asicho na ndugu.
Kumbe usiku kucha nilikuwa naomba mkate wa miezi sita,
wenye mhuri na sahihi.

Leo kuna unga. Nimeuona mwenyewe, nusu ndoo.
Leo Elinami amelala, mguu nje ya neti.
Leo mkono huu una nyundo.

Nikapiga.
Chuma kikalia, kikatetemeka,
nami badala ya kuwahi pigo la pili kama nilivyozoea
nikasubiri sauti iishe.
Hujui jinsi chuma kinavyochelewa kunyamaza.
Inapungua, inapungua, unadhani imekwisha,
kumbe bado ipo, nyembamba kama singa moja,
na mwisho wake sikuuona.
Nilikuta tu moyo wangu umeacha kukimbia,
wala sikumbuki ulikaa chini saa ngapi.

Sisemi hofu imekwenda. Ipo.
Ilikuwa kizingitini, imekunja magoti,
kama mdai aliyefika mlangoni
akakuta nyumba iko kwenye sala,
ikambidi angoje.
Aliyemngojesha si mimi.

Nikapiga ya pili. Ya tatu.
Taa ya kwa akina Shemdoe ikawaka.
Mtu akakohoa, kandambili zikaanza kuja gizani,
na mmoja akauliza kwa utani
mbona leo umepiga polepole, unazika nani?
Sikuwa na jibu la kumpa.
Nilikuwa nimekibana kiganja changu kifuani.
Kilikuwa bado kinavuma.