Robo

Sajini Dattaram hunisimulia saa za zamu,
langoni pa kambi, njia ya kwenda Sake,
kiatu kimoja juu ya jiwe la lava.
Mimi ni mkalimani, nalipwa kwa siku,
sichagui maneno.

Anasema: mvua zilipokoma na mito kupungua,
Wamaratha walifunga matandiko.
Farasi wadogo, mikuki mirefu,
dengu mkobani, hema hakuna.
Mbele yao ufalme uliooza kwa ndani:
mfalme ana miaka tisa,
mawaziri wamegawana funguo za hazina,
walinzi wa ngome hawajaona mshahara
tangu mavuno ya mwaka juzi,
na ndani ya mizinga njiwa wameatamia.

Mji hawakuuteka. Wauteke wa nini?
Walimtuma karani na kidau cha wino:
Tupeni robo ya mapato yenu,
tusije tukawachoma.

Katsuva alikuwa ameegemeza chukudu yake, anasikiliza.
Magunia ya makaa, kamba za mpira,
goti moja limefungwa kitambaa.
Nikamtafsiria.
Ulimi ukateleza: badala ya robo nikasema roho.
Tupeni roho yenu, tusije tukawachoma.

Hakushtuka.
Alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya jana.
Nikajisahihisha, ni herufi moja tu.
"Acha ivyo ivyo," akasema.

Akachora kwa kidole kwenye vumbi jeusi:
bariyeri ya kwanza, gunia zima.
Ya pili, nusu gunia na sigara.
Ya tatu wamebadili sare,
kamba iliyokatiza barabara ni ileile.
"Muulize, ule mtoto wa kifalme,
alipomaliza kulipa, alilindwa na nani?"

Niliuliza.
Sajini akautazama Nyiragongo,
ambao mchana ule haukuwa na la kusema.
Kikosini kwao, alisema, wapanda farasi wale
wanaimbwa hadi leo, naye beti zote anazijua.
Ila mama yake alizaliwa ng'ambo ya mto,
kwa wale waliolipa.
Huko bibi akipima mchele wa jioni
hutenga kibaba cha nne pembeni,
wala hasemi ni cha nani.

Nilipogeuka Katsuva ameshaondoka,
mgongo umeinama, gurudumu linalia.
Nilimkimbilia, nikasukuma naye hadi kona,
nikamweleza habari ya kibaba.
Akanyamaza mwendo mrefu.
Kisha akataka kujua
mchele wenyewe ulikuwa wa aina gani.