Jumatano, Nusu Bei

Jumatano sisi wastaafu tunaingia kwa nusu bei,
kwa hiyo mimi na Nodari hatuchagui:
iwe ya vita, ya majini, ya watoto wa shule wanaopendana,
tunapanda kilima cha Vera na mbegu za alizeti mfukoni.
Ndani, yeye hukaa kulia kwangu,
maana sikio lake la kulia lilifia kiwandani
zamani, Tbilisi ilipokuwa bado na tramu.

Mimi nimekaza nyuzi za piano miaka arobaini na mmoja.
Siombi radhi kwa masikio yangu.

Wiki ya kwanza, ya nahodha wa meli ya kuvunja barafu.
Picha sina neno nayo; baridi ilinipenya hadi kwenye meno ya bandia.
Lakini muziki wake, mama yangu!
Fidla themanini kwa mtu mmoja anayefunga kamba za viatu.
Akifungua mlango, ngoma. Akiufunga, ngoma.
Akinywa supu, kwaya nzima inalia Kilatini
utadhani kijiko kinapaa mbinguni.
Nikamwambia Nodari: mtunzi huyu hamwamini mwigizaji,
kamshika mkono kama mtoto wa kuvushwa barabara.
Nodari akatema ganda. "Mimi nimeipenda."
Ameipenda kwa nusu kichwa, nikasema moyoni.

Kisha ile ya mpelelezi wa Batumi, mvua mwanzo mwisho.
Hadithi nyepesi, muuaji nilimjua kwa kofia yake.
Ila mle kulikuwa na piano, peke yake,
na ile la ya kati imelegea, imelegea kabisa,
mkono wangu ukaanza kupapasa mkoba
kutafuta ufunguo ambao nilikwisha kumpa mpwa wangu.
Nilitoka nimenuna. Nilisema maneno mazito ngazini,
Marekhi mkata tiketi ni shahidi.
Siku ya tatu, naosha cheri jikoni,
nikajikuta naivumisha, na kulegea kwake vilevile,
na nilipojaribu kuinyoosha
haikuwa kitu tena.
Hilo Nodari sijamwambia.

Ya wana wa mfalme wanaorukaruka angani, nililala.
Yeye asema muziki ulikuwa "mkubwa". Sawa.
Lori pia ni kubwa.

Ndipo jana.
Mjane wa Svaneti anauza ng'ombe wake wa mwisho.
Basi. Hakuna lingine.
Anamenya viazi. Jokofu linakoroma, linanyamaza.
Mnunuzi anahesabu noti, anakosea, anarudia.
Kengele ya ng'ombe inashuka bonde,
inakuwa ndogo, inakuwa ndogo,
halafu unaisikiliza kumbe haipo.
Saa moja na nusu, wala uzi mmoja haukuguswa,
wala pumzi moja haikuingia kwenye filimbi.
Nilingoja fidla kama mtu anayengoja kofi,
na kofi halikuja,
na machozi yakashuka yenyewe bila kuelekezwa na mtu.
Majina yakapanda kwenye kiwambo, kimya.
Marekhi akaja na ufagio, akatuona, akarudi.

Nodari akafuta miwani kwa ncha ya tai.
"Tsiala," akasema, "leo ndipo umenielewa.
Huo ndio muziki! Umesikia ulivyoanza chinichini,
pale alipokuwa na viazi?"

Nilifumbua mdomo.
Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa, yana nukta zake.
Tukatoka. Barabara ilikuwa na harufu ya mkate na petroli,
tukateremka polepole, goti langu, goti lake,
na mimi nikazunguka nikatembea kulia kwake,
upande ule uliofia kiwandani,
nikamwambia wazi, kwa sauti yangu ya kawaida:
hapakuwa na muziki, Nodari. Hata noti moja.

"Naam," akaitikia, akitikisa kichwa,
"hasa pale mwishoni."