Milimita Sita

Gyumri, Februari, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Nimetandika gazeti la juzi juu ya meza ya jikoni,
nikasukuma kando sahani ya jibini,
nikaliweka koo la Niva
pale ulipokuwa mkate.

Koo, ndiyo. Mafundi wanaliita kwa jina refu la Kirusi,
lakini mimi ni daktari wa mifugo:
hewa ikipita mahali kabla ya kuwa nguvu,
mahali hapo ni koo,
nami nimezamisha mkono hadi kiwikoni
katika makoo ya ng'ombe wa Ashotsk.
Sitatishwa na la alumini.

La zamani lina upana wa milimita arobaini na sita.
Jipya lina hamsini na mbili.
Jipya kwa kusema tu: Vazgen aliniuzia vipande
ndani ya mfuko wa sukari,
akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba vyote vimo.
Mama yake nilimwona jana akichagua vitunguu.

"Ningoje," anasema Hrant kwa simu kutoka Surgut,
anakopaka rangi ghorofa za watu.
Nimemngoja baridi tatu.
Gari nalo limengoja, likikohoa kila mlima,
ila ndama hangoji: akikaa vibaya tumboni
hana habari kwamba fundi yuko safarini.

Basi. Mafuta ya taa, mswaki mkuukuu,
masizi yanatoka meusi kama kahawa ya matanga.
Mhimili unaingia. Beringi inakaa.
Springi naikunja mzunguko mmoja na robo, ulimi katikati ya meno,
inaponyoka,
inagonga jokofu, inapotelea mvunguni mwa jiko.
Mavyaa wangu Arshaluys anafanya ishara ya msalaba,
kisha anapiga magoti na ufagio wake,
anaitoa pamoja na kifungo cha shati
tulichokitafuta tangu harusi.

Kipepeo cha shaba, skrubu mbili, tone la gundi.
Sensa naihamisha kutoka la zamani
kama mtu ahamishaye jicho.

Uani, mlango wa bomba la injini bado ni mwembamba;
nikiuacha hivyo hewa itajikwaa ukingoni.
Nasokomeza kitambaa ndani, nashika tupa ya duara.
Saa mbili za kukereza. Unga wa fedha kwenye glavu.
Vidole sivihisi, najua vipo kwa kuviona.

Nawasha.
Niva inanguruma kama fahali aliyekanyaga kaa la moto,
madirisha ya ghorofa tatu yanafunguka,
mtu anauliza ndege inaelekea wapi.
Nazima.

Saa nne usiku, meza ile ile. Nafungua tena.
Naliinua koo mbele ya balbu
na ninauona: mwezi mwandamo,
ukucha wa nuru upande mmoja wa kipepeo.
Nilikipachika kinyume. Ukingo wake umechongwa mshazari,
kina mbele na nyuma, kama fulana.
Nakigeuza. Nuru inakatika.

Asubuhi injini inashika mara ya pili,
inapanda, inasita,
inatua.
Simu naiweka dirishani. Surgut inasikiliza.
"Kanyaga," anasema. Nakanyaga.
"Ulimwita nani?"
"Mama yako. Kwa ajili ya springi."
Kimya. Nasikia brashi yake ikidondosha rangi ndani ya ndoo.
"Kanyaga tena," anasema, polepole,
kama mtu anayeomba kurudiwa jina.

Simwambii habari ya skrubu iliyobaki.
Imo kwenye kikopo cha sukari,
ndogo, nyuzi zake safi, haina kwao.
Vazgen alisema vyote vimo.
Hakusema havizidi.